Mguu wa Klachi

Rehani alikivaa kiatu cha kushoto kwa macho. Cha kulia alikivaa kama mtu yeyote, huku anawaza mengine, lakini cha kushoto ilimbidi akiinamie, auone mguu ukiingia, ahakikishe vidole havijajikunja humo ndani, ndipo afunge kamba. Asipotazama hajui. Kuna siku alikwenda kazini akarudi, kutwa nzima kiatuni mna kizibo cha soda, na hakuwa na habari nacho. Mwanvita, mkewe, ndiye aliyekiona kikidondoka sakafuni pamoja na soksi iliyolowa damu.

"Hukusikia?" Mwanvita aliuliza.

"Ningesikia si ningekitoa?"

Rehani akacheka. Mwanvita hakucheka. Alileta beseni la maji, akamwosha ule mguu huku akiubonyeza hapa na pale, kisigino, unyayo, kidole gumba, na kila alipobonyeza alimtazama usoni. Uso haukubadilika. Akaufuta, akaenda kumwaga maji uani, akarudi na kusimama mlangoni na beseni tupu mkononi.

"Baba Raya, kamwambie bosi wako," alisema. "Utakuja kuua mtu."

Sukari ilikuwa imemkaa Rehani mwilini kwa miaka mingi. Ganzi ilianza kwenye vidole, akaidharau, maana ganzi ni kitu cha kutikisa mguu kikaondoka. Hii haikuondoka. Ilipanda taratibu, ikapitia hatua ya kuwaka moto usiku kucha, kisha ule moto nao ukazimika na pakabaki kimya. Muuguzi wa kliniki, binti mdogo mwenye adabu, alimweleza kwamba mishipa ya fahamu imeharibika, asitembee peku, ajikague kila siku. Halafu akamuuliza, "Na kazi unafanya gani, mzee wangu?"

"Mkulima," alijibu Rehani, ambaye mara ya mwisho kushika jembe alikuwa hajaota ndevu.

Muuguzi akaridhika, akamwita anayefuata. Hapo ndipo ninapomkasirikia Rehani. Ni mtu wangu na nampenda, lakini hapo namkasirikia, kwa sababu yule binti alimfungulia mlango na yeye akaurudishia mwenyewe. Ila ngoja kwanza nikuambie Rehani ni nani, usije ukamwona mpumbavu.

Alizaliwa Kinole, huko juu kwenye migomba na pilipili manga, ambako barabara ikinyeshewa inageuka uji. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mjomba wake Rehani aliitwa Abdulswamad, dereva wa lori la kushusha ndizi mjini, na hakumrithisha mpwa wake shamba wala nyumba. Alimrithisha gia. Alimkalisha pembeni yake tangu akiwa utingo, akamfundisha kuteremka mlima kwa gia badala ya kuning'inia kwenye breki, na kulishika lori kwenye mpando kwa klachi tu, mguu wa kushoto nusu juu nusu chini, wa kulia kwenye mafuta, hendibreki haiguswi, na gari limetulia tuli na mzigo wake wote. Kubalansi, madereva wanaita. Mzee alikuwa akiweka kiberiti nyuma ya tairi, na ole wako ukirudi nyuma ukakikanyaga.

Rehani akaja kuwa dereva wa kusemwa. Watu wakiwa mashambani walisikia gia ikibadilishwa konani wakasema, huyo Rehani huyo. Shule hakumaliza, mali hakuwa nayo, sura ni ya kawaida tu, lakini mguu alikuwa nao, na ndiyo sifa pekee aliyowahi kusifiwa mbele za watu.

Mjomba naye sukari ilimpata. Mguu ukaanza na kidonda, ukaishia kukatwa juu ya goti, na mzee akawa mtu wa kukaa kibarazani. Madereva waliopita walimpigia honi kwa heshima, naye aliinua mkono. Baadaye wakaja madereva wengine, vijana wasiomjua, wakapita bila honi, na mzee aliendelea kuinua mkono. Rehani aliyaona hayo kwa macho yake. Nadhani woga ulimwingia hapo, miaka mingi kabla ya ugonjwa wenyewe.

Mjini Morogoro alipata kazi kwenye kampuni moja ya mbegu yenye ofisi chini ya mlima, upande wa Kilakala. Alikabidhiwa Haisi nyeupe ya gia ya mkono, na kazi yake ilikuwa kuwachukua wafanyakazi wanaokaa Kihonda asubuhi na kuwarudisha jioni. Miaka ikapita, kampuni ikanunua magari mapya, yote oto. Madereva vijana hawakuitaka Haisi, wengine hata kuiondoa pale ilipo hawakuweza, inazimika inaruka, wanashuka na aibu zao. Meneja, Bwana Oscar, akamwita Rehani mbele ya watu akamwambia achague gari mojawapo kati ya yale mapya, amestahili.

"Oto?" Rehani alisema. "Ule si udereva bosi, ule ni kukaa. Basi mniletee na pampasi nivae kabisa."

Watu walicheka wiki nzima. Bwana Oscar naye alicheka, na Rehani akabaki na Haisi yake. Wakati huo ganzi ilikuwa bado iko vidoleni.

Sasa sikiliza vizuri, maana jambo lenyewe ni dogo. Oto haina klachi. Kwenye oto mguu wa kushoto ni abiria kama abiria wengine. Neno moja tu kwa Bwana Oscar, kwamba bosi, lile gari ulilosema naomba nilichukue, na haya ninayokusimulia yasingekuwapo. Neno hilo Rehani alilibeba mpaka kwenye mlango wa ofisi mara nyingi, na kila mara alikumbuka ile pampasi, akageuza.

Na foleni je? Zamani Morogoro foleni tulikuwa tunaisikia kwa watu wa Dar es Salaam wakija kulalamika kwetu, tunawapa pole na machungwa. Sasa tunayo yetu. Kihonda imejaa nyumba mpaka vichakani, kila nyumba ina mtu anayetaka kufika mjini asubuhi ileile, na barabara ni ileile ya Dodoma ambayo inabeba malori ya kwenda Rwanda na Kongo, mabasi ya mikoani yanayowahi stendi ya Msamvu, bajaji, na bodaboda zinazopenya hata pasipopenyeka. Gari linasogea hatua tatu linasimama. Linasogea linasimama. Mwenye oto anainua mguu wa breki na kuushusha, anasikiliza redio. Mwenye gia ya mkono anakanyaga klachi, anatia namba moja, anaachia nusu, anasogea, anakanyaga tena, na bado Msamvu hajaiona.

Rehani alijibunia namna yake. Kwa kuwa unyayo haukumwambia kitu tena, alikanyaga kwa paja, akawa anasukuma mguu mzima kutoka nyongani kama mtu anayesukuma gogo. Klachi iko wapi, imefika nusu au haijafika, alijua kwa sikio. Injini ilikuwa ikibadilisha sauti kidogo inapoanza kushika, na sikio lake lilikuwa zuri. Tatizo lilikuwa kuipata. Akiuondoa mguu kwenye klachi, kuurudisha ilikuwa lazima ainame achungulie, na huwezi kuinama kila saa na watu wanakutazama. Kwa hiyo akishaipata haiachi. Foleni imesimama, wenzake wote wametoa gia wamepumzika, yeye ameikandamiza tu, gia imo ndani, paja linatetemeka, jasho linamtoka mpaka kwenye nyusi. Mjomba wake angemzaba kofi kwa hilo. Dereva hakai na gia ndani gari limesimama, hata utingo anajua.

Aliyekuwa akikaa naye mbele ni Paulo, mtunza stoo, Mnyamwezi wa Tabora. Mnyamwezi na Mluguru unajua mwenyewe ni nini. Ni watani tangu wazee wa Paulo walipokuwa wakipita hapa na mizigo ya watu vichwani kwenda pwani, na utani wao hauna simile. Tangu Haisi inaondoka Kihonda mpaka inafika ofisini ilikuwa ni matusi mazuri matupu.

"Ninyi mlikimbilia milimani kwa woga," Paulo angesema. "Mmeshuka juzi tu, baada ya kusikia chini kuna chumvi."

"Na ninyi mlikuwa mnapita, mkachoka mizigo ya watu, mkalala, na mpaka leo hamjaamka."

Abiria walifurahi. Juliana wa mapokezi alikuwa mshabiki wa yeyote anayeshinda siku hiyo. Ni Devotha tu, mama wa maabara, Mhaya mtaratibu aliyekaa kiti cha nyuma ya dereva, ndiye aliyetabasamu kidogo na kurudi kutazama dirishani.

Asubuhi moja foleni ilikuwa mbaya kuliko kawaida. Lori lilikuwa limekatika ekseli njia ya kuingia Msamvu na barabara nzima imeganda. Rehani aliachia klachi vibaya, Haisi ikaruka mbele, ikazimika. Akawasha. Ikaruka tena.

"Mluguru, leo umetupakia kwenye chura?" Paulo akasema.

Rehani alikuwa amechoka. Maneno ya Mwanvita ya jana yake, kwamba atakuja kuua mtu, yalikuwa bado yamo kichwani, paja linamuuma, na mdomo ukamponyoka bila kuutuma.

"Mguu umekufa," alisema.

"Mguu gani?"

"Huu wa kushoto. Umekufa, Paulo. Siusikii. Nakanyaga kwa kubahatisha."

Aliona ahueni, maana alikuwa amesema, tena mbele ya watu, na sasa wangemuuliza, na yeye angejibu, na yangekwisha. Paulo alimtazama. Kisha Paulo akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Jamani," aliwageukia walio nyuma, "tumefiwa."

Gari zima likapasuka kwa kicheko. Na kwa desturi, mambo ya msiba wa mtu si ndiyo uwanja wa mtani wake? Paulo akajitwalia msiba. Akauliza sanda ya mguu mmoja ni mita ngapi. Akatangaza kwamba marehemu ataletwa nyumbani kwa soksi na kupumzishwa Kinole kwa mjomba wake, na kwamba yeye kama mtani halali hatachimba kaburi mpaka apewe kuku. Juliana akaangusha kilio cha uongo, mikono kichwani, "Uuuwi, mguu wetu, umetuachia nani!" Paulo akasoma wasifu. Marehemu alikuwa mguu mwema, alisema, hakuwahi kumpiga mtu teke, ugomvi wake ulikuwa na klachi tu. Wenye magari ya jirani walichungulia kuona kuna nini.

Rehani naye alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua machozi yale yalikuwa ya nini, hata yeye mwenyewe sidhani. Alikuwa amefunua kidonda chake mbele ya watu na watu wamempigia makofi. Akawasha gari, akainama kama anayeokota kitu, akaona mguu ulipo, akaupandisha kwenye klachi.

Walipofika ofisini wote wakashuka wakienda zao huku wakicheka bado. Devotha akabaki. Alizunguka akaja dirishani kwa dereva, amekumbatia mkoba wake.

"Baba Raya," alisema, "samahani. Lile ulilosema njiani, ulikuwa unatania?"

Hapakuwa na mtani pale. Paulo ameshaingia ndani. Mama mtu mzima amesimama, anamuuliza mambo ya kweli kwa sauti ya kweli, na Bwana Oscar yuko hatua chache tu, anafungua ofisi yake. Rehani alimtazama Devotha. Alitazama mlango wa Bwana Oscar. Nadhani alimwona na mjomba wake pia, ameinua mkono kibarazani na gari limepita.

"Aa, mama, si unatujua mimi na Paulo? Utani tu huo."

"Kweli kabisa? Mimi nimepata hofu."

"Haki ya Mungu. Mguu huu mzima."

Akaupiga kofi mguu wenyewe ili kumwonyesha. Devotha akasema haya, Mungu atusaidie, akaenda kazini. Na lile kofi, Rehani alilisikia kwenye kiganja tu.

Kuanzia hapo mguu uliokufa ukawa utani wa kudumu. Kila Haisi iliporuka waliuliza hali ya wafiwa. Mwanvita alipomuuliza kama amesema, Rehani alijibu kwamba amesema, na kweli alikuwa amesema.

"Wakasemaje?"

"Wamecheka."

Mwanvita alimkazia macho. "Wamecheka vipi kitu kama hicho?" Rehani akasema ndivyo walivyo, akageukia ukutani. Mwanvita alifikiria kwenda mwenyewe kwa Bwana Oscar. Baadaye aliniambia kwamba alishavaa na khanga siku hiyo, akafika mpaka kituoni, kisha akaona mwanamke akimwendea mumewe kwa bosi atakuwa amemvua nguo, akarudi. Analia mpaka leo akilisema hilo. Simlaumu, ila sina cha kumwambia pia.

Masika yakaingia. Mvua ya kwetu ikishateremka mlimani haibembelezi, inapiga bati mpaka mtu aliye ndani anapaza sauti kuomba chumvi. Asubuhi hiyo ilikuwa imeshika tangu alfajiri. Haisi iliingia kwenye foleni ikiwa na madirisha yamefungwa na vioo vimejaa ukungu wa pumzi za abiria, na ule mshindo juu ya paa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Paulo na Rehani walitukanana kwa ishara.

Wewe umeshaelewa. Mvua ilipiga paa, na Rehani hakuisikia injini.

Walisimama kwenye kimwinuko kabla ya Msamvu, nyuma ya lori refu lenye chuma cha nyuma kilichochomoza. Gari lingerudi nyuma kumgonga wa bajaji aliyekuwa nyuma yao, kwa hiyo Rehani alilibalansi kama alivyolelewa, klachi nusu, mafuta kidogo, hendibreki haiguswi. Viatu vilikuwa vimelowa. Mpira wa klachi ulikuwa umekwisha ukabaki laini. Na waipa ya upande wake ikanasa, ikabaki katikati ya kioo, maji yanashuka, haoni mbele wala hasikii.

Paulo akamtazama, akatikisa kichwa. Akachukua mfuko wa rambo, akajifunika kichwani, akafungua mlango akashuka. Rehani alimwona kivulikivuli akipita mbele ya boneti, akiingia kwenye ile nafasi kati ya Haisi na lori. Paulo alivuta waipa, akauchomoa uchafu uliokuwa umeinasa, kisha akafuta kioo kwa mkono wa koti lake, duara kubwa, na ndani ya lile duara akaonekana uso wake, umelowa chapachapa chini ya mfuko, anamkenulia Rehani meno na kusema jambo. Tusi zuri tu bila shaka. Rehani akafungua mdomo alirudishe.

Mguu ulitoka kwenye klachi. Uliteleza kando, ukashuka, ukatua sakafuni, na Rehani hakujua. Kwa mguu hakujua. Alijua kwa uso wa Paulo, ambao ulibadilika.

Akakandamiza klachi kwa nguvu zote za paja, na alichokandamiza kilikuwa sakafu. Haisi ilikwenda mbele mruko mmoja, ikagota kwenye chuma cha lori, ikazimika. Ikawa ni mvua tu. Kisha Juliana akapiga kelele, na safari hii hazikuwa za uongo. Devotha ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka. Rehani alibaki ameshika usukani, ameinama, anautazama mguu wake wa kushoto ulivyokaa pale chini kimya na kiatu chake kilichofungwa kamba vizuri.

Paulo hakufa. Wengi walisema tumshukuru Mungu, na tumshukuru kweli. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umesagika kuanzia gotini, na hospitali wakaukata kuokoa uhai.

Trafiki walikuja, gari likakaguliwa. Wakauona mpira wa klachi uliokwisha, wakaiona waipa, wakauona ukongwe wa Haisi yenyewe, na mvua kila mtu alikuwa ameiona. Ikasemwa klachi imeteleza, gari bovu, pedali imemponyoka dereva wa watu, hana kosa. Hakuna aliyemuuliza Rehani kuhusu mguu, na yeye hakusema. Kila mtu alimpa pole. Majirani Kihonda walikuja kukaa na Mwanvita kama walivyokwenda kukaa na mke wa Paulo. Bwana Oscar alikuja nyumbani mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akamshika Rehani bega.

"Mzee wangu, kosa ni letu sisi," alisema. "Lile gari tungeliondoa zamani. Pumzika, ukirudi nitakupa oto, na safari hii sikuulizi."

Mwanvita alikuwa jikoni. Rehani alimsikia akiangusha sufuria.

Hakurudi kazini. Alisema macho yamepungua nguvu, wakamwamini, maana umri ulikuwa unaruhusu. Alikaa nyumbani akivaa viatu asubuhi bila pa kwenda. Mguu ule uliokufa ukabaki mwilini mwake, mzima, hauna hata mkwaruzo, na wa Paulo uliokuwa hai ukachimbiwa ardhini. Rehani alilijua hilo kila alipotazama chini, na alikuwa hana budi kutazama chini.

Kwa Paulo alichelewa kwenda. Hospitali alikwenda Paulo akiwa amelala, akashukuru kwamba amelala. Paulo aliporudishwa nyumbani, Rehani alisubiri mpaka Mwanvita akachoka, akamfungia mkungu wa ndizi zilizoshuka kutoka Kinole, akamwambia leo unakwenda.

Mtani haingii kwa mtani wake mgonjwa kwa upole. Anaingia na fujo, anauliza mbona bado hujafa tumeshapika pilau, na mgonjwa anajibu, na nyumba inachangamka. Rehani alikuwa ameliandaa la kwake njia nzima. Mnyamwezi, angesema, safari hii mzigo gani umekushinda? Alibisha hodi. Mke wa Paulo, Mama Furaha, alimfungulia na kupokea ndizi, akamkaribisha kwa sauti ya chini. Paulo alikuwa kwenye kochi, suruali upande mmoja imekunjwa na kubanwa kwa pini.

Lile tusi Rehani hakulitoa. Alikaa. Alitazama mikono yake.

"Paulo," alisema, "siku ile niliposema mguu umekufa sikuwa natania."

"Najua."

"Nilisema, mkacheka."

"Tulicheka," Paulo alisema. "Mimi ndiye nilianza. Nimelala nalo hilo kitandani, Rehani, nikajihukumu nalo mpaka nikachoka. Ningejisamehe vipi, mtu ananiambia mguu wake umekufa mimi napanga sanda." Akaiweka sawa pini ya suruali. "Halafu Devotha akaja kuniona. Analia. Akasema alikuuliza, mko wawili tu, dirishani. Akasema ulimwapia kwa Mungu."

Rehani aliona ndiyo, sasa tusi litakuja. Alilisubiri kwa hamu, lolote, la Kinole, la mjomba wake, la mama yake mzazi. Kama Paulo angemwita mshenzi wa milimani angepiga magoti akashukuru. Paulo alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama anayemtazama mtu aliyekuja kuuliza njia. Kisha akageukia mlango wa jikoni.

"Mama Furaha," aliita, "mletee mgeni chai. Usitie sukari, hatumii."

Chai ililetwa kwenye kikombe cha wageni chenye kisahani. Rehani akainywa taratibu mpaka ikaisha, na Paulo akawa anamuuliza habari za nyumbani, na hali ya Mwanvita, na kama Kinole mvua zimewaacha salama, naye akamjibu moja moja.